Nyumba ya Mwanajeshi ni Nyumba Yetu



Mara nyingi katika ukurasa huu tunazungumza na bwana na bibi wanaolala chini ya paa moja. Wakigombana jioni, asubuhi hupatana juu ya kikombe cha chai. Lakini wako miongoni mwetu wanandoa ambao kwa miezi mingi hawapati nafasi ya kugombana wala ya kupatana, kwa sababu mmoja yuko vitani na mwenzake yuko nyumbani. Hao ni jamaa za wanajeshi. Mbele ya altare mume aliahidi kukaa na mkewe katika taabu na raha. Mbele ya bendera aliapa kwenda popote atakapotumwa. Ahadi zote mbili ni za kweli, na ahadi ni deni. Basi tujiulize: Je, sisi tulio jirani zao parokiani tunawasaidia kulipa deni hilo, au tunawaongezea mzigo?

Ninyi mnaoishi Dundori hamna haja ya kuelezwa habari hizi kama hadithi za mbali. Barabara ipandayo kwenu huanzia Lanet, penye Chuo cha Kijeshi cha Kenya na kikosi cha tatu cha Kenya Rifles. Mbele kidogo, Gilgil nako kuna kambi. Katika jumuiya zenu ndogo ndogo yuko mama anayelima viazi peke yake kwa kuwa bwana yuko kazini mpakani. Yuko mzee mstaafu aliyenunua ploti na kujenga. Yuko bibi mkongwe anayesikiliza redio kila saa ya habari, akiogopa kusikia jina la mahali alipo mwanawe. Na siku hizi yuko pia mama aliye mwanajeshi, na baba ndiye anayebaki kuwapikia watoto uji.

Tangu Oktoba 2011 vijana wetu wamepelekwa Somalia. Kwanza walikwenda chini ya bendera yetu peke yake, kisha mwaka 2012 wakaingia katika jeshi la Umoja wa Afrika lililoitwa AMISOM. Jeshi hilo likabadilishwa jina kuwa ATMIS mwezi wa Aprili 2022, na AUSSOM mwezi wa Januari 2025. Majina yamebadilika, lakini kitanda kilichobaki kitupu nyumbani ni kile kile.

Kanisa linasema nini?

Wengine husema, "Hao wana serikali yao, wana kasisi wao wa jeshi. Sisi hayatuhusu." Maneno hayo si sahihi.

Bwana wetu hakumfukuza mwanajeshi. Akida wa Kafarnaumu alipomwombea mtumishi wake, Yesu aliistaajabia imani yake (Mt 8:5-13), na hata leo, kabla ya kupokea Komunyo, sote tunakiri kutostahili kwetu kwa kufuata maneno ya askari yule. Kornelio naye alikuwa akida, na alibatizwa pamoja na watu wa nyumba yake (Mdo 10). Angalieni: pamoja na nyumba yake. Petro hakumtenganisha askari na jamaa yake.

Baba Mtakatifu Yohane Paulo wa Pili, katika waraka wake juu ya familia, Familiaris Consortio, wa mwaka 1981, alizitaja familia zinazohitaji uangalizi wa pekee wa wachungaji. Katika namba 77 aliwataja pamoja na wengine wale wanaolazimika kukaa mbali na nyumbani muda mrefu, kama wanajeshi na mabaharia. Mwaka 1986 alitoa sheria mpya juu ya majimbo ya kijeshi, na Kenya ni mojawapo ya nchi zenye jimbo la namna hiyo. Sheria hiyo inasema kwamba askofu wa jeshi huwahudumia wanajeshi na pia jamaa zao. Lakini inasema vile vile kwamba uwezo wake haumwondolei askofu wa mahali uwezo wake. Maana yake, mke wa mwanajeshi anayeishi Dundori ni kondoo wa wachungaji wawili. Ingekuwa aibu kubwa kondoo mwenye wachungaji wawili akose wa kumtafuta. Na siku mwanajeshi anapostaafu na kuvua sare, anarudi kwa paroko wake wa nyumbani kama Mkristo mwingine yeyote.

Tusirudie dhambi ya kusahau

Nchi yetu ina kumbukumbu mbaya katika jambo hili. Katika Vita Kuu ya kwanza, ya 1914 hadi 1918, wababu zetu walichukuliwa kwa wingi kuwa wapagazi wa jeshi la Waingereza. Makumi ya maelfu walikufa, wengi wao kwa magonjwa na njaa kuliko kwa risasi. Jina la Kariokor kule Nairobi, na la Kariakoo kule Dar es Salaam, linatokana na kikosi hicho cha wapagazi. Vita vilipokwisha, mwaka 1919 serikali ya kikoloni ilifungua mpango wa kuwapa mashamba waliokuwa askari. Lakini mashamba yale ya nyanda za juu walipewa Wazungu. Mpagazi Mwafrika alirudi kwa mkewe mikono mitupu, kama alirudi. Wale waliopigana Burma mwaka 1944 nao walirudi, na watu wengi wa rika lao wakafa bila mtu kuwauliza waliona nini huko.

Wakoloni walisahau kwa sababu hawakutuhesabu kuwa ndugu. Sisi tunaoitana ndugu kila Jumapili, tukisahau, tutatoa sababu gani?

Wakati wa kuagana

Katika Agano la Kale kulikuwa na sheria nzuri: mtu aliyeoa karibuni hakutumwa vitani kwa muda wa mwaka mmoja, bali alikaa nyumbani amfurahishe mkewe (Kum 24:5). Jeshi la leo haliwezi kufuata sheria hiyo neno kwa neno. Lakini mafundisho yake yabaki mioyoni mwetu: ndoa changa ni kama mche wa kabichi uliopandikizwa leo, na jua la utengano hulichoma jani lake upesi.

Kwa hiyo, bwana na bibi, kabla ya safari kaeni chini mzungumze mambo manne bila haraka. Kwanza, fedha: nani atapokea mshahara, nani atalipa karo, ni kiasi gani kitakwenda kwa wazazi wa pande zote mbili. Pili, maamuzi: mama asilazimike kungoja simu kutoka ng'ambo ili auze gunia la viazi. Tatu, hati: vyeti vya kuzaliwa vya watoto, karatasi za ploti, na jina la mke katika fomu za kazini za warithi. Nne, ndoa yenyewe. Kuna askari wengi waliotoa mahari na kuanza maisha, lakini hawajafunga ndoa kanisani wala kuiandikisha popote. Sheria ya Ndoa ya mwaka 2014 inataka kila ndoa iandikishwe, hata ile ya kimila. Mnaposema "tutafunga nikirudi", mnaweka rehani haki ya mama na ya watoto. Paroko akiona mwanajeshi anakuja na ombi hilo, asimzungushe; amsaidie kwa haraka yote ambayo sheria ya Kanisa inaruhusu.

Na jumuiya isimwache mtu aondoke kimya kimya. Mkusanyike nyumbani kwake jioni moja, msali rozari, mumbariki yeye na mkewe na watoto. Haigharimu kitu zaidi ya chai.

Wakati wa utengano

Hapa tuseme wazi, kwa maana ni hapa parokia zetu huanguka. Someni tena habari za Uria Mhiti (2 Sam 11). Uria alikuwa vitani. Hakuna mahali Maandiko yanaposema kwamba mkewe alimtafuta mwanamume. Aliyekosa ni Daudi, aliyebaki mjini wakati wengine wako vitani, akatumia ukubwa wake. Ndoa ya mwanajeshi iliharibiwa na mtu aliyepaswa kuilinda.

Mambo hayo yapo hata leo. Yuko mwanamume anayemletea mke wa mwanajeshi msaada wa kuni mchana ili apate sababu ya kurudi usiku. Wako nao wanawake wenzake ambao kila bodaboda ikisimama mlangoni pake wanahesabu dakika. Mama huyo akivaa vizuri, wanauliza anamvalia nani. Asipovaa vizuri, wanasema ameachwa. Kisha mtu mmoja anampigia bwana simu kule Somalia kumweleza "yanayosemwa". Je, ndugu, umefikiri umemfanyia nini mtu yule? Usiku ule atashika zamu ya ulinzi akiwa na bunduki mkononi na sumu moyoni. Umeweka hatarini maisha yake na ya wenzake, na umevunja nyumba kwa ulimi.

Wanajumuiya wafanye kinyume chake. Msaada kwa nyumba ya mwanajeshi utolewe na bwana na bibi pamoja, si na mwanamume peke yake. Akina mama wa jumuiya wapange siku ya kupalilia shamba lake, kama wanavyofanya kwa aliyejifungua. Akina baba wamsaidie kijana wake wa kiume, ambaye katika miaka ya kubalehe hana baba wa kumwonya. Mkono mmoja haulei mwana. Nawe mama uliyebaki, usijifungie ndani kwa kuogopa maneno. Njoo jumuiyani, imba kwaya, kaa na wenzako. Mwandikie bwana ujumbe wa mambo ya kawaida: jino la mtoto limetoka, ng'ombe amezaa, mvua imechelewa. Mtu aliye mbali huishi kwa habari ndogo kama hizo.

Nawe bwana uliye huko, uaminifu si wa mke peke yake. Sakramenti haikubaki nyumbani ulipopanda ndege.

Wakati wa kurudi

Wengi hudhani taabu huisha siku ya kurudi. Wanachinja mbuzi, wanapiga vigelegele, kisha kila mtu anakwenda kwake. Kumbe kwa nyumba nyingi siku hiyo ndipo taabu mpya huanza.

Fikirini bwana aliyekaa kule muda mrefu. Amezoea amri fupi na utii wa papo hapo. Anarudi, anamkuta mke aliyejifunza kuamua, na mtoto mdogo anayemwogopa kama mgeni. Usiku halali. Mlango ukibamizwa na upepo wa Dundori, anaruka. Hataki kwenda sokoni penye watu wengi. Hasira yake ni ya ghafla. Akiulizwa, anasema "si kitu". Anaanza kukaa kilabuni mpaka usiku. Mke anajiuliza: "Yule niliyemwaga aliachwa wapi?"

Wapendwa, hiyo si lazima iwe tabia mbaya, wala si majini. Waganga wa hospitali wanalijua jambo hili. Ni jeraha la akili litokanalo na kiwewe. Mtu ameona au ametenda mambo ambayo roho yake haikuweza kuyameza. Ndoto za kutisha, kushtuka, kukwepa kila kinachomkumbusha, hasira na kufa ganzi moyoni, vikizidi mwezi mmoja na kuharibu maisha yake, ni dalili za kumpeleka kwa daktari. Linatibika, kwa mazungumzo na mshauri aliyefundishwa na wakati mwingine kwa dawa. Kumwambia mtu kama huyo "jikaze, wewe ni mwanamume" ni sawa na kumwambia aliyevunjika mguu acheze dansi.

Wazee wa kale walilijua jambo hili kabla yetu. Waisraeli waliorudi vitani waliamriwa kukaa nje ya kambi siku saba, wajitakase na kufua mavazi yao kabla ya kuingia kwa watu wao (Hes 31:19-24). Makabila yetu mengi nayo yalikuwa na desturi ya kumtakasa aliyemwaga damu kabla hajala na watoto wake. Walifahamu kwamba mtu hatoki vitani kwa miguu tu. Moyo nao unahitaji njia ya kurudia. Sisi Wakatoliki tunayo njia hiyo. Tunayo Sakramenti ya Kitubio, ambamo mtu anaweza kutaja jambo ambalo hawezi kumwambia hata mkewe. Tunayo Misa, tunayo baraka. Padre mwenye hekima atamtafuta aliyerudi, atampa saa nzima, na hatamhukumu. Lakini padre asijifanye daktari, na daktari asidharau sala. Vyote viwili vyaenda pamoja.

Hata hivyo, tusichanganye mambo mawili. Jeraha hueleza hasira, halihalalishi ngumi. Mama anayepigwa asiambiwe na mtu yeyote, awe katekista au mama mkwe, kwamba avumilie kwa kuwa bwana ametoka vitani. Sheria ya Kanisa yenyewe, kanuni ya 1153, inamruhusu mwenye ndoa kuondoka mwenzake anapomhatarisha vikali, yeye au watoto, na hatari ikiwa kubwa asingoje kibali. Kuondoka huko si kuvunja ndoa. Mara nyingi ndiko kunakoiokoa, kwa sababu bwana hulazimika kutafuta matibabu. Jumuiya iwe na nyumba moja inayojulikana, ya wanandoa wazima na wenye siri, ambamo mama na watoto wanaweza kulala usiku huo.

Asiyerudi

Tarehe 15 Januari 2016, kabla ya mapambazuko, kambi ya wanajeshi wetu ya El Adde, Somalia, ilishambuliwa. Mwaka uliofuata, tarehe 27 Januari, ikawa zamu ya kambi ya Kulbiyow. Wengi walikufa. Baada ya El Adde baadhi ya jamaa walingoja muda mrefu miili itambuliwe kwa vipimo, na serikali haikutangaza hesabu kamili ya waliokufa.

Kuna mjane aliyezika. Huyo analia, lakini ana kaburi la kuwekea maua. Watu huja kwa wingi siku ya mazishi, na bendera hukunjwa ikakabidhiwa mikononi mwake. Baada ya miezi mitatu hubaki na bendera, watoto, na mashemeji wanaouliza habari za fedha za marehemu. Hapo ndipo parokia inapotakiwa. Wazee wa kanisa wasimame naye, wamsindikize katika ofisi, wawakumbushe mashemeji kwamba kumnyang'anya mjane ni dhambi inayomlilia Mungu.

Na kuna yule ambaye mumewe hakupatikana, wala hai wala maiti. Huyu hana kaburi, wala hawezi kusema "marehemu". Sheria ya nchi humhesabu mtu kuwa amekufa akikosa kusikika kwa miaka saba. Lakini wanandoa Wakatoliki wafahamu kwamba mbele ya Kanisa miaka peke yake haitoshi. Kwa kanuni ya 1707, askofu huchunguza ushahidi, na akipata hakika ya kiadili ndipo hutangaza kifo. Kabla ya hapo mke hawezi kufunga ndoa nyingine. Basi asiachwe atangetange peke yake na sheria hizi. Paroko amsaidie kuandika kwa askofu. Nasi tumwombee mumewe kwa jina katika Misa kila mwaka, bila kumlazimisha mama achague tuseme ni hai au ni mfu. Mungu anajua.

Mambo ambayo parokia inaweza kuanza nayo

1. Katekista na viongozi wa jumuiya waandike orodha ya nyumba za wanajeshi, wastaafu na wajane wao. Orodha iwe ya siri. Isibandikwe mlangoni mwa kanisa, maana si kila mtu anayeuliza aliko mwanajeshi ana nia njema.

2. Kila nyumba ya namna hiyo ipewe wanandoa wawili wa kuitembelea mara moja kwa mwezi, bwana na bibi pamoja.

3. Kuwe na Misa moja kwa mwaka kwa ajili yao. Tarehe 14 Oktoba ndiyo siku ya kuliadhimisha jeshi letu, na tarehe 11 Novemba ni sikukuu ya Mtakatifu Martino wa Tours, aliyekuwa askari kabla ya kuwa askofu. Yoyote yafaa.

4. Paroko afanye urafiki na kasisi wa kambi ya Lanet, ili mmoja akiona dalili mbaya amjulishe mwenzake kwa kadiri siri inavyoruhusu.

5. Wastaafu wapewe kazi parokiani. Mtu aliyeongoza watu na kutunza ghala la vifaa asikalishwe benchi la nyuma na kuitwa "mzee wa jeshi" kwa kicheko.

Mtu atauliza: Je, kwa kufanya haya tunasifu vita? La. Mtaguso wa Pili wa Vatikano, katika hati ya Gaudium et Spes, ulilaani vita vya kuangamiza watu, na katika hati ile ile ukasema kwamba askari anayetumika kwa haki anahudumia usalama wa watu na kuchangia amani. Yohane Mbatizaji naye aliwaonya askari wasidhulumu mtu (Lk 3:14). Tunayo haki ya kumwonya mwanajeshi, lakini atatusikiliza tukiwa tumekwisha kumsaidia kulea watoto wake.

Maswali ya kuzungumza, bwana na bibi

Je, katika jumuiya yetu tunaijua nyumba ya mwanajeshi? Mara ya mwisho tuliingia humo lini, na kwa sababu gani?

Je, tumewahi kusema au kusikiliza maneno juu ya mke wa mtu aliye mbali? Tutayarekebishaje?

Kama mmoja wetu angetumwa mbali kesho, ni jambo gani nyumbani halijawekwa sawa?

Tuombe

Ee Bwana Yesu, uliyesikia ombi la akida, utazame nyumba ambazo baba au mama yuko mbali. Uwalinde walio mpakani wasiuawe wala wasiue kwa chuki. Uwatulize wanaoota ndoto mbaya. Uwafariji wajane, na wale wasiojua kama ni wajane. Nasi utupe miguu ya kwenda kwao kabla hawajatuita. Amina.

Mungu awabariki katika ndoa zenu.